Fleti kati ya nyumba za familia: kisa cha ploti moja pembeni mwa jiji la Nakuru

Mabati yalizungushwa ploti kabla ya karatasi yoyote kuonekana. Kufikia wiki ya pili jakaranda la mbele lilikuwa limeshaangushwa, malori ya mawe ya msingi yanaingia alfajiri, na kikundi cha WhatsApp cha wakaazi kinauliza ni nani aliyeuziwa boma la marehemu. Msimamizi wa mafundi alipoulizwa langoni alijibu kwa adabu: "Mwalimu, mimi nimetumwa tu. Mwenyewe yuko Nairobi." Mwalimu, mstaafu, ndiye mwenyekiti wa chama cha wakaazi. Mashimo ya nguzo aliyoyaona kupitia mwanya wa mabati yalikuwa na upana wa karibu mita 1.8 kila upande, na ndani vyuma vya Y16, nondo nene za milimita 16, vimesukwa tayari. Mtu anayejenga nyumba ya chini hachimbi hivyo.

Mtaa wenyewe hatuutaji. Kisa tumekishona kutokana na mambo yanayojirudia katika mitaa ya aina ya Kiamunyi, Ngata na Lanet, na hesabu zote ni za ploti ya kawaida ya huko: robo eka, futi 100 kwa 100, ambayo ni takriban mita za mraba 929. Sheria tunazozitaja ndizo zinazotumika.

Barabara hii ni ya changarawe, fupi, yenye ploti 24 na mlango mmoja wa kuingilia. Nyumba nyingi ni za ghorofa sifuri, vyumba vitatu au vinne, zimezungukwa na ua wa kayaba uliokatwa vizuri au ukuta wa mawe. Kuna bawabu mmoja wa usiku anayelipwa kwa mchango, gari la takataka linalopita mara moja kwa wiki kubeba magunia kuelekea jaa la Gioto, na mama mboga kwenye kona anayejua nani amesafiri na nani ana wageni. Mtu akihamia huko kutoka katikati ya mji, jambo la kwanza analolisema ni kwamba kumetulia.

Utulivu huo watu huuhesabia miti na majirani wema. Sisi tunauhesabia lita. Barabara hii haina bomba la maji taka la kaunti, kwa hiyo kila nyumba inameza uchafu wake ndani ya ardhi yake. Familia ya watu 5 ikitumia lita 120 kila mtu hutoa lita 600 kwa siku. Tangi la septiki la kawaida hapo lina urefu wa mita 2.5, upana 1.2 na kina cha maji 1.5, yaani lita 4,500. Likiwa halijajaa tope, maji hukaa humo wiki nzima, kinyesi kinazama, mafuta yanaelea, na kinachotoka kwenda shimo la kufyonza ni maji yaliyotulia. Shimo lenye kipenyo cha mita 1.8 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba 17 hivi, kwa hiyo kila mita ya mraba inakunywa lita 35 kwa siku. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru unaweza hilo bila taabu. Ndiyo maana kuna nyumba hapo ambazo zimekaa miaka kumi bila kuita lori la kunyonya, na mwenyewe anadhani ni bahati.

Ramani iliyowasilishwa kaunti ilikuwa ya ghorofa tano, vyumba vinne vya bedrumu moja kila sakafu, jumla 20. Ukiweka watu 3 kila chumba na lita 100 kila mtu, unapata lita 6,000 kwa siku. Mchoro ulionyesha tangi la lita 9,000 na shimo moja la kufyonza, kipenyo mita 2, kina mita 4. Ukuta wa shimo hilo ni mita za mraba 25. Gawanya: lita 240 kwa kila mita ya mraba, karibu mara saba ya kile kinachoingia kwenye shimo la jirani. Na tangini maji yangekaa siku moja na nusu tu kabla ya kusukumwa nje na yanayofuata, tena hapo tope halijaanza kupunguza nafasi.

Kinachoharibika kwanza katika hali kama hiyo huwa ni shimo, tangi hufuata baadaye. Maji yasiyotulia hubeba chembe na mafuta, chembe zinajenga utando mweusi kwenye kuta za shimo, na ndani ya miezi kadhaa ardhi inafunga koo. Maji yanarudi nyuma hadi tangini, tangi linajaa, na dalili ya kwanza ni bafu la sakafu ya chini kutoa mapovu wakati mtu wa ghorofa ya juu anapovuta maji ya choo. Baada ya hapo ni kijito cha kijivu barabarani. Aliye upande wa chini wa mteremko ndiye anayeanza kupiga simu.

Nakuru ina jambo lingine la kuangaliwa. Mji umekaa kati ya kreta ya Menengai na Ziwa Nakuru, juu ya majivu na pumisi, na chini kuna mipasuko ya Bonde la Ufa inayoelekea kaskazini hadi kusini. Mvua kubwa ikishapiga, ardhi imewahi kufunguka na kumeza sehemu ya barabara au ua. Majivu haya hunywa maji haraka, na hapo ndipo hatari ilipo: maji mengi yakimwagwa mahali pamoja kila siku hubeba chembe laini na kuacha pango chini. Shimo la lita 6,000 kwa siku lililo mita chache kutoka kwa msingi wa ukuta wa jirani si la kuwekwa bila mhandisi wa udongo kutia sahihi.

Wakaazi hawakuanza na hayo. Barua yao ya kwanza ya pingamizi ilikuwa ukurasa mmoja na sahihi nyingi. Ilisema fleti zitashusha hadhi ya mtaa, wapangaji wataleta uhalifu, na watoto watachunguliwa wakiogelea kwenye beseni uani. Afisa wa mipango aliisoma akaiweka kwenye faili, ikakaa. Tunamwelewa. Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, watu wanahitaji pa kulala, na hakuna kifungu cha sheria kinachosema mpangaji wa bedrumu moja ni mhalifu. Hoja ya hadhi, tuseme wazi, pia inachukiza: nusu ya waliotia sahihi wana watoto wao wanaopanga bedrumu moja Nairobi. Hoja ya kuchunguliwa ina uzito kidogo, kwa sababu madirisha na umbali kutoka mpakani ni mambo ya kupangwa, ila hutatuliwa kwa kuyainua madirisha ya bafu na ngazi upande huo. Haizuii jengo.

Kabla ya barua ya pili kulikuwa na kazi ya makaratasi, na ndiyo iliyobadilisha kisa.

Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, mjenzi anahitaji kibali cha kaunti kabla ya kuanza, na kugeuza ploti ya nyumba moja kuwa ya nyumba nyingi ni ombi la aina yake, mbali na ramani ya jengo. Lazima atangazie umma na kukaribisha pingamizi. Kwa desturi hilo hufanywa kwa bango kwenye ploti na tangazo gazetini, na muda wa kupinga huwa siku 14. Kaunti nayo inasambaza ombi kwa idara husika ili zitoe maoni. Kuna kipengele ambacho wakaazi wengi hawakijui: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo anayengoja aitwe mkutanoni anaweza kukuta saa imeshamaliza kuzunguka.

Bango lilikuwepo. Lilikuwa limepigiliwa ndani ya mabati, uso wake ukitazama ukuta wa nyumba iliyobomolewa, mahali ambapo msomaji pekee ni fundi aliyeshika koleo. Kijana wa jirani alipanda kwenye tangi la maji la kwao akapiga picha tatu zenye tarehe: moja ya bango, moja ya mabati kutoka barabarani, moja ya mashimo ya nguzo yakiwa tayari yamewekwa vyuma. Picha hizo zilithibitisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba umma haukuarifiwa na kwamba ujenzi ulianza kabla ya kibali. La pili ni kosa kisheria, na kaunti ina uwezo wa kutoa ilani ya kusimamisha kazi. Ilani ilitoka. Mafundi walihamisha mashine ya kuchanganya zege, bawabu akabaki.

Anayetaka kufuata njia hii aanze kwa kutafuta nambari ya ploti kutoka kwa hatimiliki yake mwenyewe, maana nambari za majirani hufuatana. Kwa nambari hiyo afanye upekuzi rasmi wa ardhi. Upekuzi unaonyesha mmiliki na pia masharti yaliyosajiliwa juu ya ploti. Mashamba mengine yalipogawanywa yaliwekewa sharti la nyumba moja kwa kila ploti, na sharti kama hilo likiwa limesajiliwa lina nguvu kuliko sahihi mia. Hapa halikuwepo. Kisha aende ofisi ya mipango akiwa na nambari hiyo aombe kuona ombi, aandike nambari ya marejeleo, na aitaje juu ya kila barua. Barua isiyo na nambari ya marejeleo hupotea hata pale ambapo hakuna mtu aliyetaka ipotee. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala nyingine zipelekwe NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), kampuni ya maji, na idara ya afya ya umma ya kaunti. Katiba, kifungu cha 70, inamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kuonyesha kwanza kwamba ameshaumia, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja kijito cha kijivu kitokee.

Barua ya pili ilikuwa na kurasa tatu na jedwali moja. Haikutaja uhalifu wala hadhi. Ilitaja lita 6,000, mita za mraba 25, siku moja na nusu, umbali kutoka kwa kisima cha ploti ya chini, na kuuliza swali moja: maji haya yataenda wapi?

Iliambatanishwa na jaribio la ufyonzaji lililofanywa kwenye ploti jirani, na kwa kuwa ni jambo ambalo wakaazi wanaweza kulifanya wenyewe, tulieleze. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lifike kina cha sakafu ya mtaro wa kufyonza unaotarajiwa, ule unaochukua kazi ya shimo la kufyonza. Kwaruza kuta ili jembe lisiache uso laini uliofunga, toa udongo uliolegea, weka kokoto sentimita 5 chini. Jaza maji, uache yakae usiku mzima, maana udongo mkavu hudanganya. Asubuhi jaza tena hadi sentimita 15 juu ya kokoto, simamisha rula, na andika maji yanashuka kiasi gani kila baada ya dakika 30. Rudia hadi vipimo viwili vifanane. Fanya kwenye mashimo matatu angalau, na ikiwezekana msimu wa mvua. Matokeo ya Januari yanapendeza sana na hayafai.

Hapo tulitumia kiwango cha tahadhari cha lita 50 kwa mita ya mraba kwa siku. Lita 6,000 zinahitaji mita za mraba 120 za ukuta. Mtaro wenye kina cha mita 1 una pande mbili, kwa hiyo ni mita 60 za mtaro. Sasa tazama ploti. Jengo linachukua mita za mraba 220. Magari 20, ukihesabu pa kugeukia, yanataka kama 500. Ukanda wa mita 2 kuzunguka mpaka, ambako si vizuri kufyonzesha maji karibu na ukuta wa mtu, ni 228. Jumla imeshapita 929. Mita 60 za mtaro hazina pa kulala, na chini ya maegesho haziwekwi kwa sababu magurudumu yanashindilia udongo. Ukishuka hadi vyumba 12, lita ni 3,600, mtaro ni mita 36, maegesho yanakuwa 300, na nyuma ya jengo panabaki kama mita za mraba 181. Mitaro mitatu ya mita 12 inaingia, kwa kubanana.

Umeme ulijadiliwa kwa dakika chache. Shawa ya umeme ya papo hapo huvuta kilowati 5 hivi. Kumi zikiwashwa saa kumi na mbili asubuhi ni kilowati 50, nusu ya transfoma ya kVA 100 inayolisha barabara nzima. Mjenzi agharimie kuongezewa uwezo. Maji ya mvua nayo ni hesabu fupi: ploti iliyokuwa nyasi ikiwekwa paa na sakafu ngumu kwa mita za mraba 750, mvua ya milimita 40 mchana mmoja inamwaga lita 30,000 kwenye barabara ya changarawe, na barabara hiyo itakuwa korongo kabla ya mwaka kwisha. Matangi mawili ya lita 10,000 chini ya paa yanapunguza pigo la kwanza, mradi mtu ayafungulie kabla ya mvua nyingine.

Maji ya kunywa yalistahili muda zaidi ya yaliyopewa. Mjenzi aliandika kwamba atachimba kisima kirefu, na wakaazi wakafurahi kwamba hatawanyang'anya maji ya mfereji. Visima vingi vya Nakuru vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo meno yakiwa bado yanaumbika, kabla ya miaka 8 hivi, yanatoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floridi inabaki, mkusanyiko unapanda. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa linalobadilishwa kwa wakati, au kunywa maji ya mvua na kuacha ya kisima kwa kufulia. Kibali cha kisima hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na matokeo ya maabara yangepaswa kubandikwa ukutani kwa wapangaji. Sharti hilo halikuandikwa, na tunaona ni pengo.

Kaunti iliidhinisha vyumba 20 hata hivyo, ikiongeza tangi kubwa zaidi. Tangi kubwa linatuliza maji, haliyamalizi. Wakaazi walikata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza migogoro ya mipango ya ardhi. Muda wa kukata rufaa ni siku 14 tangu uamuzi, na hapa karatasi ziliingia ya 11, baada ya siku kadhaa kupotea kwa mabishano ya nani atalipa wakili. Kutoka kwa kamati hiyo njia inayofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kibali cha NEMA kina mkondo wake, jopo la kitaifa la mazingira, na muda wa siku 60. Wengi huchanganya mikondo hii miwili na kupoteza yote.

Haikufika mahakamani. Mwenye ploti alikuja mwenyewe, na Mwalimu akamwekea hesabu mezani badala ya lawama. Vyumba vinane vya juu, kwa kodi ya kukadiria ya shilingi 14,000, vingemletea 112,000 kwa mwezi. Miezi ya mvua ardhi ikikataa kunywa, lita 6,000 kwa siku ni lita 180,000 kwa mwezi, yaani safari 18 za lori la lita 10,000. Kwa shilingi 6,000 kila safari ni 108,000. "Mzee, hizo ghorofa mbili utakuwa unamjengea mwenye lori," akaambiwa. Wahandisi wake hawakuwa wamempigia hesabu hiyo, au walipiga wakanyamaza. Alikubali ghorofa tatu, vyumba 12, mitaro mitatu nyuma, na mtambo mdogo wa kusafisha maji taka kwa kupulizia hewa kabla hayajaingia mitaroni.

Mtambo wa aina hiyo una udhaifu mmoja. Bakteria wake wanahitaji hewa saa 24, hewa inatoka kwa pampu, na pampu inakula tokeni. Tokeni zikiisha hakuna anayegundua siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu harufu inatoka, bakteria wameshakufa, na kuwarejesha kunachukua wiki. Landilodi aliye Nairobi hanusi kitu. Kwa hiyo sharti la mwisho lililoandikwa kwenye makubaliano lilikuwa la nyaya: pampu ya hewa na pampu ya kupandisha maji juu zikae kwenye mita moja ya umeme. Tokeni zikiisha, mifereji ya vyumba vyote 12 inakauka, na keateka, mtunzaji wa jengo, anapigiwa simu kabla ya chai.